Visima vya Pemba kwenye ramani moja: tulivyofanya bila semina

Naandika kwa sababu nimechoka kuulizwa visima vyetu tumevitiaje kwenye ramani, na pia kwa sababu kuna bwana mmoja mtaalamu aliyetwambia mwanzoni kuwa jambo hili halendi bila semina ya wiki nzima, kamati ya uratibu na kompyuta mpya. Limekwenda. Shehia kadhaa za Wilaya za Micheweni na Wete sasa zinaona visima, mifereji (mabomba ya maji) na hali ya vyoo vya wenziwao kwenye ramani moja ya intaneti. Semina yenyewe mpaka leo haijafanyika.

Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na daftari lake. Sheha analo, afisa afya analo, skuli zinalo, na mradi wowote ukija unahesabu upya visima vilevile kisha unaondoka na karatasi zake. Kisima cha mpakani kinahesabiwa mara mbili, cha ndani kondeni hakihesabiwi na mtu. Na kwetu habari za maji si za mchezo. Kipindupindu kinaijua Zanzibar tangu karne ya 19, na kila kikirudi watu wa afya wanauliza lile lile: hawa walioumwa wanateka wapi? Ukiwajibu "kisima cha mwembeni" umewasaidia nini? Pemba nzima ni miembe.

Ushauri wa kwanza tuliopewa, na tukaufuata kwa adabu zote, ulikuwa kufungua kundi la WhatsApp. Kila shehia itoe kijana, kijana apige picha ya kisima, aitume, basi. Ilikuwa raha kwa siku chache. Picha zikamiminika, za visima, za ndoo, za watoto wanaocheka, moja ya ng'ombe tu. Sauti nazo: "Assalamu alaikum, kisima chetu cha mwembeni kimekauka." Cha mwembeni wapi? Kimya. Kesho yake anajibu mwengine wa shehia nyengine kuwa cha kwao cha mwembeni kina maji tele, na anauliza nani mwongo. Wakaanza kuvutana, sheha akaingia kusuluhisha, mtu akatia tangazo la kuuza kiwanja.

Nikasema potelea mbali, angalau picha ninazo, na simu hujiandikia ndani ya picha mahali ilipopigwa. Nikakaa usiku kuzifungua moja moja. Hakuna kitu! WhatsApp ikiipunguza picha huifuta habari ya mahali. Ukitaka ibaki, mwambie mtu aitume kama faili, asiitume kama picha. Hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni mwangu, kwa sababu yule bwana wa semina alilijua au alipaswa kulijua.

Tukahamia mWater. Ni programu ya bure, inafanya kazi kwenye simu ya kawaida hata pasipo na mtandao, ukifika penye mtandao inapeleka yenyewe. Kubwa zaidi, kila kisima ukikisajili kinapewa namba yake ya kudumu, kwa hivyo anayekuja baada yako anaongeza habari kwenye kisima kile kile badala ya kuanza kipya. Kujisajili na kuunda kundi sielezi, kijana yeyote wa kidato cha pili atakuonesha.

Kazi ilikuwa kuvipata visima vyenyewe. Na hapa nijisifu kidogo, wazo hili ni langu. Tulikuwa tunawatumia vijana wa skuli, wazuri, wana bidii, lakini wanajua visima vya njia ya nyumbani kwao tu. Kaskazi moja nimekaa barazani, inapita gari ya ng'ombe imejaa madumu ya maji ya kuuza. Nikamuuliza mwenye gari kayatoa wapi. Akanitajia kisima nisichowahi kukisikia, tena akanieleza kuwa cha karibu yake kina maji lakini ya kuogea tu, na kile cha chini ya mteremko kinafaa mpaka mwisho wa Januari, baadae ni tope. Nikabaki namtazama. Mtu huyu ndiye daftari lote, anatembea na ng'ombe!

Basi tukawatafuta wenye gari. Mwanzo walikataa, na nawaelewa: kisima cha siri ndicho riziki yake, akikitia kwenye ramani kesho wenziwe wote wako pale. Nilichofanya ni kukubaliana nao waanze na visima wanavyovijua wote, vile vya ushindani walete wakati wa masika, maji yakiwa kila pahala na hakuna anayenunua. Wakacheka, wakakubali. Malipo yalikuwa bando na chai. Mmoja wao ulimi wake unapima chumvi kuliko nilivyotaraji: anaonja, anasema "haya ya chai, haya ya kufulia, haya hata ng'ombe hanywi." Tulipopata kipimo cha umeme wa maji, kile kidogo cha kutia ndani ya gilasi kikakupa namba ya mikrosimensi (chumvi ikizidi, namba inapanda), mpangilio wa visima ukatoka ule ule wa ulimi wake. Kipimo tulikipata kwa kama laki hivi, kupitia mtu. Ulimi ni bure, ila huwezi kuupakia kwenye ramani.

Kuhusu chumvi nina ugomvi mwengine na wataalamu. Tuliambiwa kila kisima kipimwe mara moja, inatosha. Inatosha kwa nani? Upande wa mashariki wa Micheweni, kwenye jiwe la matumbawe, kisima kilicho karibu na pwani kinapumua na bahari. Maji baridi, yale yasiyo na chumvi, yanaelea juu ya maji ya chumvi, na bahari ikijaa inayasukuma. Ukipima wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana, unapata namba nzuri, ukirudi kwenye bamvua, inapojaa kabisa, kisima kile kile kinakutukana. Sisi tumeongeza swali moja kwenye fomu: bamvua au maji mafu, yanajaa au yanatoka. Mvuvi yeyote anakujibu bila ya kutazama saa.

Orodha za zamani nazo tulitaka ziingie, tusipoteze kazi ya waliotangulia. Nikaletewa jedwali moja la kompyuta, nikalipandisha, nikafungua ramani kutafuta Pemba. Visima vyetu viko Ethiopia, kusini kabisa, kwa Waborana! Sisi tuko kama digrii 5 kusini ya ikweta, na aliyeandika kaisahau alama ya kutoa mbele ya namba, ile inayosema kusini. Jedwali jengine alama ilikuwepo lakini safu ya latitudo na ya longitudo zimebadilishana, likatupeleka Uhispania, magharibi ya Madrid. La tatu likakosa vyote viwili, likatutosa katika bahari ya Mediterania. Hayo yanachekesha na yanaonekana mara moja. Baya ni lile lisiloonekana: mtu kasoma kwenye kifaa digrii 5, dakika 3, sekunde 30, akaandika 5.0330. Sahihi ni 5.0583. Tofauti hiyo ni karibu kilomita 3, kisima kinahamia shehia nyengine na hakuna anayeshtuka mpaka sheha wa huko aulize kisima hicho kimechimbwa lini.

Mfereji usiulize kama upo. Upo, umeukuta ukutani. Uliza jana ulitoa maji? Na juzi? Umeme wetu unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, ukikatika pampu zinalala, na mtu mwenye mfereji ndani anarudi kisimani na ndoo kama bibi yake. Kwenye karatasi nyingi nyumba ile imeandikwa ina maji. Uliza pia kwenda na kurudi kunachukua muda gani, foleni ikiwemo, kwa sababu WHO na UNICEF wanaangalia kama zinazidi dakika 30. Bi mkubwa mmoja alinijibu, "Inategemea nimemkuta nani kisimani." Nikaandika 40.

Vyoo vina aibu yake. Ukimuuliza mtu "mna choo?" atasema ndio, ungemjibu vipi wewe mgeni mlangoni kwake? Wanawake ndio waliofanya sehemu hii, wakiomba kukitumia, hapo ndipo wanaona kama kina sakafu, kama karo limejaa, na kama ni cha nyumba moja au za jirani pia, maana choo cha kushirikiana kinahesabiwa daraja la chini hata kikiwa kizuri. Tulikubaliana na masheha jambo moja ambalo sirudi nyuma kwalo: kisima kinaonekana na kila mtu, choo cha mtu hakionekani. Ramani inaonesha jumla ya shehia tu. Kuna mradi uliotaka orodha ya nyumba zisizo na vyoo pamoja na majina. Tuliwapa jumla, wakanuna, wakaitumia hiyo hiyo.

Gharama sikuziweka vizuri. Bando za elfu tano tano, mafuta ya pikipiki, chai nyingi mno, simu moja iliyoanguka kisimani ambayo mwenyewe alisema ilikuwa mbovu toka zamani. Hazifiki hata nauli za ile semina.

Yule bwana wa semina ameniandikia karibuni, anaomba nakala ya takwimu zetu kwa ajili ya ripoti yake. Nimemtumia kiungo, pamoja na maelezo ya kuwa alama ya kutoa asiifute.