Kutoka Kwihara hadi Bagamoyo, Nyuma ya Susi na Chuma

Kijana wa bodaboda alinishusha Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, mbele ya tembe jekundu lenye mlango wa nakshi. Humo ndimo David Livingstone, msafiri na mmisionari kutoka Uskoti, na Stanley, mwandishi wa habari aliyemtafuta, walimokaa mwaka 1872, na wageni wengi huja kwa ajili yao. Nilimpa shikamoo mzee anayelitunza, nikamwambia mimi nimewafuata Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone. Akanikaribisha barazani. "Hao ndio waliotembea, mwanangu," alisema.

Abdullah Susi alitoka Shupanga, ukingoni mwa Zambezi. James Chuma alikuwa Myao, aliyeokolewa kwa wafanyabiashara ya watumwa mwaka 1861 akingali mdogo. Livingstone alipofariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wao na wenzao wangeweza kumzika na kwenda zao. Walizika moyo wake chini ya mti wa mpundu, wakautia mwili chumvi, wakaukausha juani kwa majuma mawili, wakaufunga ndani ya gome la mti na turubai, wakajitwika. Kutoka pale hadi pwani ni zaidi ya kilomita 1,600. Wengine walifia njiani.

Walipofika Unyanyembe, yaani hapa Tabora, Oktoba, walimkuta Mwingereza Verney Lovett Cameron, naye akawashauri wamzike hapohapo. Walikataa. Mimi jambo hili limenikaa moyoni kuliko yote: watu wamechoka, wameuguza na kuzika wenzao, wanapewa ruhusa ya kuutua mzigo, nao wanaendelea kuubeba.

Mkuu wa wapagazi wa Cameron alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao mwingine, aliyeuzwa utumwani utotoni akapelekwa India. Misafara ilipoachana pale, Susi na Chuma walishika njia ya mashariki, Bombay magharibi, hadi akaiona Atlantiki huko Katombela, Angola ya leo, Novemba 1875. Alikuwa ameanzia Bagamoyo. Na miaka 12 kabla ya hapo alikwisha fika Misri na wasafiri Waingereza Speke na Grant, kwa miguu mpaka Gondokoro, Sudan Kusini ya leo, kisha kwa mashua. Sijui kwa nini watoto wetu shuleni hawamkariri huyu kwanza.

Jioni nilipanda treni ya reli ya kati, ambayo kwa sehemu kubwa inafuata njia ya zamani ya misafara. Usiku tulipita Mgunda Mkali, pori lililoogopwa kwa kukosa maji. Mpagazi alilivuka akiwa na frasila mbili begani, zaidi ya kilo 30, na vyombo vyake mwenyewe juu yake. Nje niliona vichaka tu, saa baada ya saa. Saranda abiria walinunua kuku madirishani, kisha tukaingia Ugogo, ambako zamani kila mtemi alidai hongo, yaani ushuru wa kupita, ya nguo na misafara ikakwama kwa siku kadhaa ikijadiliana.

Maiti ilikuwa na tabu yake zaidi. Nyuma kidogo, huko Kasekera, baada ya kutoka Unyanyembe, habari zilienea, wenyeji wakakataa isipite. Basi wakatengeneza furushi la uongo, wakatuma watu warudi nalo Unyanyembe eti wakalizike, na hao wakalitupa porini. Mwili wenyewe ukafungwa upya, ukafanana na mtumba wa kaniki, ukapita.

Niliteremka Morogoro, nikachukua basi hadi Chalinze, kisha Msata na Bagamoyo. Kwenye misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, mwisho wa njia yenye miembe, upo mnara wa kanisa la zamani ambamo mwili ulilazwa Februari 1874. Meli ya Kiingereza ikauchukua. Wapagazi walilipwa ujira wao wakaambiwa waende. Kati yao ni Jacob Wainwright peke yake aliyeusindikiza hadi mazishi ya kanisa la Westminster, London, Aprili 18. Baadaye London ilitengeneza medali 60 za fedha kwa ajili yao, wakati wengi wamekwisha tawanyika.

Susi na Chuma hawakuacha kutembea. Mwaka 1879 Chuma aliongoza msafara kutoka Dar es Salaam hadi Ziwa Tanganyika, na Susi akaenda Kongo na Stanley.

Nilimwuliza kijana aliyekuwa akitutembeza kama anamjua Halima, mpishi wa msafara, mke wa Amoda. Hakuwahi kumsikia. Akatoa daftari, nikamtajia: Halima, Amoda, Susi, Chuma, Wainwright, Ntaoeka. Akaandika yote, kisha akawaita wageni wa zamu iliyofuata.