Pale oksijeni inapofika chini kabisa

Jioni hii nimemaliza kuchora mstari wa oksijeni iliyoyeyuka katika Mto Msimbazi wa Dar es Salaam, kwa mlinganyo ambao watafiti Streeter na Phelps waliutoa mwaka 1925 baada ya kuuchunguza Mto Ohio kule Marekani.

Hesabu yenyewe si ngumu: bakteria wanaoozesha taka huitumia oksijeni, nayo hewa huirudisha polepole.

Kilichonikaa kichwani ni lile bonde la mchoro. Oksijeni haifiki chini kabisa pale maji machafu yanapoingia, bali mbele zaidi kuelekea baharini, kwa kuwa bakteria huhitaji muda na mto hausimami kuwasubiri.

Huko ndiko samaki hukosa pumzi, ilhali wakaguzi (nasi pia) hulikodolea macho bomba linalomwaga maji machafu.

Mnaoishi kando ya Msimbazi, kiangazi maji hunuka zaidi wapi?