Hilux imetulia jamani

Nimetoka gereji sasa hivi hapa Ngamiani, Tanga, nina furaha hata chai sijanywa.

Mnaoijua pikapu yangu mnajua niliinunua ikiwa imeshanyanyuliwa, mwenye nayo wa kwanza alikuwa anabeba machungwa ya Muheza kutoka shambani akaongeza pleti za springi nyuma, sasa mimi natembea lami na mara nyingi bodi tupu, kila tuta nyuma inaruka na mama anashika mgongo njia nzima.

Leo fundi katoa pleti za ziada, kafunga shokapu (zile za kutuliza mruko wa springi) ndefu zinazoendana na kimo cha gari, maana zile za zamani zilikuwa fupi, gari ikinyanyuliwa zinakaa zimevutika mpaka mwisho, hazina pa kucheza. Bushi mpya, zile raba za kwenye maungio. Upepo wa tairi nao tumepunguza, ulikuwa wa kubebea mzigo.

Mbele tumeshusha kidogo, halafu alaimenti, yaani kunyoosha matairi yakae sawa. Hii msiiruke kabisa wapendwa, kimo cha mbele kikibadilika na pembe za matairi zinabadilika, tairi italiwa upande mmoja.

Nikampitia mama tukaenda mpaka Raskazone.

Alikuwa ananihadithia mambo ya harusi ya binamu, tukapita tuta, tukapita lingine, yeye anaendelea tu, sauti haikatiki. Zamani ilikuwa "taratibu mwanangu, taratibu." Leo hajalisema hata mara moja, nikabaki kumsikiliza tu, moyo umejaa.

Wenye pikapu za juu, bodi ikiwa tupu mnaweka upepo kiasi gani nyuma? Na nani kaenda Pangani na shokapu za gesi, zinavumilia?