Kuku aliyeshinda jivuni

Karafuu ndizo zilizonifikisha jikoni kwa yule mama. Ilikuwa mwezi wa nane mwaka 2017, nikiwa mwanafunzi Malaysia, na likizo ile tulikwenda Bali na wenzangu. Wao walibaki kusini kwenye fukwe. Mimi nilipanda gari hadi Munduk, kijiji cha milimani upande wa kaskazini, kwa sababu nilisikia wanalima karafuu. Nikakuta kandokando ya barabara kumeanikwa kila mahali, juu ya majamvi, maturubali, hata viroba vilivyopasuliwa. Mtu wa Wete, Pemba, haelezwi harufu ile.

Mbele ya nyumba moja iliyokuwa ikipangisha vyumba, mama mmoja alikuwa anachambua, karafuu huku, makonyo huku. Nilimwamkia, nikachutama, nikaanza kuchambua naye. Akaitazama mikono yangu, akacheka, kisha akamwita binti yake aje atutafsirie. Nikamwambia kwamba kwetu Pemba watoto huijua kazi hii kabla ya kujua kusoma, na kwamba mbegu za mikarafuu yetu asili yake ni Maluku, huko huko Indonesia, zikafika Zanzibar karne ya 19 kupitia visiwa vya Mauritius na Réunion. Halafu zamani karafuu za Pemba zikawa zinarudi Indonesia kwa meli, kutiwa kwenye sigara zao za kretek. Hilo la mwisho lilimfurahisha mno. Jioni akaniuliza nakula nini. Nikasema mimi Mwislamu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kulipanga jambo: kesho atapika betutu, kuku wa viungo wa Kibali, na kuku huyo atachinjwa na kijana wa Pegayaman aliyekuwa akiwachumia karafuu. Pegayaman ni kijiji cha Waislamu katika milima hiyo hiyo, watu waliokaa hapo karne nyingi, wanaosema Kibali na kuwaita watoto wao kwa majina ya Kibali kama Wayan au Nyoman pamoja na majina ya Kiislamu.

Alfajiri nilimkuta keshaamka, jikoni kwake, chumba cha peke yake uani, kuta zimepakwa masizi ya miaka. Kuku alikwisha kunyonyolewa. Kazi iliyobaki ilikuwa basa genep, viungo vinavyoingia karibu katika kila chakula cha Kibali, nami nikapewa kisu. Vitunguu vidogo vyekundu, kitunguu thomu, tangawizi, bizari mbichi iliyotutia manjano kuchani, mchaichai, pilipili nyingi, giligilani, pilipili manga, kungumanga, karafuu mbili tatu. Humo mna na mizizi miwili jamaa ya tangawizi ambayo sikuwa nimeizoea: isen, mgumu wenye harufu ya msonobari, na cekuh, mdogo, wenye ukali unaopanda puani. Mna kokwa za kemiri zenye mafuta, na kipande cha terasi, uduvi uliosagwa na kuchachushwa, ambao mama aliuchoma kidogo motoni kwanza. Hatukusaga kwa mashine. Vyote vilikatwakatwa juu ya kibao kinene, tena na tena, mpaka vikawa kama mchanga mbichi, kisha vikakaangwa kwa mafuta ya nazi. Nilipotaka kukatia njia ya mkato kwa kutwanga kwenye kinu, mama aliurudisha mkono wangu taratibu kwenye kisu. Ukitwanga, binti alinieleza, maji ya viungo yanatoka yote na ladha inakuwa moja tu.

Kuku alisuguliwa viungo hivyo nje na ndani, akasukumiwa tumboni majani ya muhogo yaliyochemshwa. Kisamvu, Bali! Nilikishika kwa vidole nikacheka peke yangu. Akafungwa kwa majani ya mgomba, halafu kwa lile ganda pana linaloshika kuti la mpopoo kwenye shina, lililolowekwa likalainika, akafungwa kamba za mwanzi. Nje palikuwa na kishimo chenye makaa ya moto. Mzigo ukawekwa, ukafukiwa kwa kumvi za mpunga, ambazo haziwaki moto. Zinafuka tu, polepole, mchana kutwa.

Wali na mboga viliiva mapema, lakini hakuna aliyegusa. Kwanza mama alikata vipande vya jani la mgomba vya ukubwa wa kiganja, kila kimoja akatia tonge dogo la wali na chembe ya chumvi, akaenda kuviweka: kimoja jikoni kwenye mafiga, kimoja kwenye maji, kimoja kwenye jiwe la kusagia, kimoja langoni. Hufanya hivyo kila siku baada ya kupika, ni shukrani kabla ya mwanadamu yeyote kula. Baada ya hapo chakula kilifunikwa mezani, na kila mtu alipohisi njaa alijipakulia, akaketi pembeni, akala kimya, akainuka. Hakuna aliyemngoja mwenziwe. Kwetu mtu kula peke yake ni msiba au ugomvi, kwa hiyo nilisita na sahani yangu. Binti akaniambia ndiyo kawaida yao nyumbani. Kula pamoja ni kwa sherehe, na mashariki, Karangasem, wana megibung, ambapo watu huzunguka sinia moja kwa makundi, mara nyingi wanane wanane.

Saa kumi kuku alifukuliwa. Nyama ilikuwa ya kahawia iliyoiva, inaachana na mfupa kwa kuguswa, na viungo vilikuwa vimefika mpaka ndani ya mfupa wenyewe. Kisamvu kilikuwa kimenywa mafuta yote. Mama alitenga paja na kipapatio kwa kijana wa Pegayaman ampelekee mamake, kisha, kwa ajili yangu nadhani, akatandika mkeka akaweka sahani moja katikati. Tukala sote wanne kwa mikono.

Baadaye nilionja betutu katika mikahawa ya kusini. Nyingi huchemshwa haraka, pilipili ipo, ladha imebaki juu ya ngozi. Kwa hiyo anayekwenda Bali na anataka ile yenyewe, aagize siku moja kabla, na aulize inapikwa kwa kumvi au kwa sufuria. Mwislamu aulize pia kuhusu lawar, ile mboga iliyokatwakatwa na nazi na nyama, kwani mara nyingi hutiwa nguruwe na damu. Satay, yaani mishikaki ya huko, ya samaki iliyoviringishwa kwenye mchaichai ataipata karibu kila mahali, nayo ni tamu kweli. Na akifika Munduk msimu wa karafuu, asipite tu na kamera. Achutame, achambue.