Nemo alikuwa Mhindi

Jumapili usiku. Mvua imenyesha tangu saa tisa. Stima iliporudi nikamwekea binti yangu filamu niliyoipenda utotoni, 20,000 Leagues Under the Sea, ile ya Disney ya 1954. Nilitaka amwone ngisi mkubwa akiivaa nyambizi.

Kabla ya ngisi kuna kisiwa. Ned Land, baharia anayeigizwa na Kirk Douglas, anashuka pwani, anakuta mafuvu kwenye miti, anarudi mbio huku watu weusi wenye mikuki wakimfukuza. Wanapanda juu ya nyambizi. Nahodha Nemo anaamuru chuma kitiwe umeme, nao wanaanza kurukaruka, magoti juu, mikono hewani, hadi wanajitupa majini.

"Baba, mbona wanacheza?"

"Hawachezi. Wanapigwa na stima."

"Kwani wamefanya nini?"

Sikumjibu, maana nilikuwa nimeshacheka. Cheko la tangu darasa la nne lilinitoka lenyewe.

Ukubwani nilisoma vitabu vya Jules Verne, Mfaransa aliyeitunga hadithi hiyo, na hapo ndipo filamu ilianza kunikera. Katika The Mysterious Island, kilichokamilika 1875, Nemo anafichuliwa kuwa Mwanamfalme Dakkar wa Bundelkund, Mhindi aliyepigana na Waingereza katika maasi ya 1857. Hata kwenye kitabu cha kwanza, kile kilichozaa filamu, anamwokoa mzamia lulu maskini, Mhindi, mbele ya papa huko Ceylon, Sri Lanka ya leo, kisha anasema mtu yule ni wa nchi inayoonewa, na yeye mwenyewe ni wa nchi hiyo hadi pumzi ya mwisho.

Filamu imemwachia hasira zake, ikaficha anayekasirikiwa. Mkewe na mwanawe waliteswa hadi kufa, lakini taifa lililowatesa halitajwi. Uso wake ni wa James Mason, Mwingereza! Mwaka huohuo wa 1954, hapa Nairobi, Waingereza waliendesha Operesheni Anvil, msako wa Mau Mau, na kuwasomba maelfu ya watu hadi kambi za seng'enge. Babu alikuwa mmoja wao. Sidhani kuna aliyewaza habari za Nairobi kule Hollywood. Ila mwasi wa kuhurumiwa alifanana na wao, na waliofanana na babu wakapewa mikuki.

Verne naye simsafishi. Umeme uleule umo kitabuni mwake, na Wapapua wanarushwa nao vilevile. Lakini profesa anayesimulia kitabu anapokuja na habari za washenzi, Nemo humuuliza ni wapi duniani washenzi hawapo, na kama hawa ni wabaya kuliko wengine. Leo niliisubiri kauli hiyo, haikuja.

Ngisi alipotokea, mtoto aliniganda mkono. Bado ni wa kutisha, yule mdudu, na nilifurahi kama zamani.

Nilipomfunika blanketi akarudia swali lake la wale watu. Nikamwambia kisiwa kilikuwa chao, chombo kigeni kikakwama pale bila hodi, wakaja kutazama.

"Si hata mimi ningeenda," akasema, akageukia ukutani.