Vilele Viwili vya Magnesi

Picha za Jua hupendeza, lakini kinachonivuta zaidi ni mchoro usio na rangi: mstari wenye vilele viwili na bonde dogo katikati. Ni mwanga wa magnesi wenye urefu wa wimbi wa nanomita 279.6, ambao wataalamu huuita k, uliopimwa na IRIS, setilaiti ya NASA iliyorushwa tarehe 27 Juni 2013 kwa roketi ya Pegasus, iliyodondoshwa kutoka kwenye ndege juu ya Bahari ya Pasifiki. Mwanga huo wa urujuanimno haufiki ardhini, kwa kuwa ozoni huumeza njiani. Anayeutaka hana budi kuipandisha darubini yake juu ya hewa yetu.

Uso wa Jua tunaouona una joto la nyuzi 5,500 za Selsiasi hivi, na mtu angetarajia joto lipungue kadiri anavyouacha, kama anayejitenga na moto. Hupungua kweli, kwa kilomita mia kadhaa tu, kisha huanza kupanda katika kromosfia, tabaka la gesi lililo juu ya uso huo, na huko kwenye korona, tabaka la nje kabisa, huvuka nyuzi milioni moja. Nishati inayoipasha korona hupitia kromosfia, na sehemu kubwa zaidi hubaki humo humo, ndiyo maana naona kwamba anayeianza habari hii kwenye korona ameirukia mwishoni.

Darubini ya IRIS ni ndogo, kioo chake kina kipenyo cha sentimita 20 hivi. Nguvu yake imo katika mwanya mwembamba ambao, ukielekezwa Juani, hukata ukanda wenye upana wa kilomita 240 hivi, na mwanga unaopenya humo hutandazwa kwa kufuata urefu wa mawimbi, hata kila nukta ya ukanda ikapata mchoro wake.

Hapo ndipo vilele viwili vinapoanza kusema. Mabega ya mstari hutoka sehemu ya chini ya kromosfia, vilele hutoka katikati yake, na bonde hutoka juu kabisa, karibu na mahali joto linaporuka ghafla. Kilele cha upande wa buluu, yaani wa mawimbi mafupi, kikikizidi cha upande wa nyekundu, wa mawimbi marefu, nilidhani mwanzoni kwamba gesi inapanda kutujia. Kumbe mara nyingi ni kinyume, kwa sababu gesi ya juu inaposhuka hulisogeza bonde upande wa nyekundu, nalo hukimeza kilele cha huko.

Takwimu za IRIS ziko wazi kwa yeyote, nami nimezoea kufuata mwanya unapovuka doa la Jua. Nje ya doa vilele ni viwili. Ndani ya kiini chake cheusi bonde hutoweka na kinabaki kilele kimoja, chembamba, na kukizalisha vizuri kwenye kompyuta kumewasumbua wanafizikia kwa miaka mingi.