Swali la Mama kuhusu pareto

Januari yangu ya kwanza Tasmania, kisiwa cha Australia, nilisimama kando ya shamba la pareto, maua yanayotoa dawa ya kuua wadudu, nikatazama mashina yaliyokatwa, yamelazwa safu kwa safu yakauke kabla kombaini haijapita. Kwetu Molo, Kenya, tulichuma ua moja moja kwa vidole, tukaanika juani, tukapeleka gunia sokoni. Nikampigia Mama simu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na wakulima wa huko, baba, wanalipwa lini?"

Zamani Kenya ndiyo iliyolisha dunia pareto, na maua yetu yalisindikwa Nakuru mjini. Leo anayeongoza ni kisiwa hiki. Wengi nyumbani wanalaumu dawa za wadudu za kutengenezwa maabara, zilizoiga pareto zikauzwa rahisi. Ni kweli zilibana soko. Lakini zilimbana pia mkulima wa Tasmania, aliyeingia katika zao hili miaka ya 1980, dawa hizo zikiwa tayari zimeenea.

Mimi naona sababu ya sisi kupitwa iko kwenye tabia ya ofisi. Hapa mkulima anasaini mkataba kabla ya kupanda. Kiwandani ninakofanya kazi, kila asubuhi tunakutana dakika chache, na yeyote ana ruhusa ya kusimamisha mtambo akiona kasoro. Juzi kijana mgeni aliuzima kwa sababu ya harufu ya kuungua. Msimamizi alimshukuru kwanza, ndipo akaenda kutazama. Ilikuwa mkanda tu umelegea, na hakuna aliyemsema.

Kule nyumbani, Mama alipofuatilia hela zake za maua, karani wa ofisi ya pareto alimwambia arudi wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa miezi. Simchukii karani yule. Hakuwa na jibu, na waliokuwa juu yake hawakuona kwamba mkulima anadai jibu. Majirani wakang'oa pareto, wakapanda viazi. Maua yakapungua, mauzo yakashuka, na hata ile hela ya kuwalipa waliobaki ikakosekana. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu udongo wetu na baridi ya kule juu havikuwa vimebadilika.

Kaunti imekuwa ikigawa miche tena. Mama amechukua, akapanda mistari miwili nyuma ya jiko. Shamba lililobaki bado lina viazi, na ameniambia litabaki hivyo mpaka aone malipo ya kwanza.